Mafunzo Nane Niliyopata Nikilea Kulwa, Doto na Shija

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hujifunza kutembea, kusema, kula kwa mkono wake na kuagana na mama yake, yote kwa kipindi kimoja, na nyumba nzima hujifunza pamoja naye. Nimepita kipindi hicho hapa Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, na pacha wangu, Kulwa na Doto, kisha na mdogo wao Shija, jina ambalo sisi Wasukuma humpa mtoto anayefuata pacha. Sasa pacha wako sekondari na Shija anawafukuzia.

Najua wewe unayesoma unataka mwanao afike mbali kuliko ulipofika wewe. Nami nawatakia wangu hivyo hivyo. Ndiyo maana naandika mambo ambayo ningefurahi kuyasikia mapema kutoka kwa mama aliyenitangulia. Kubwa kuliko yote ni hili: mtazame mtoto wako kila siku, kwa makini, kisha chukua hatua kwa kile ulichokiona kwake. Mtoto wa jirani ana mama yake wa kumtazama.

1. Kila mtoto ana kalenda yake

Kulwa alitembea kabla ya kutimiza mwaka. Alikuwa ameshika kochi, akaachia, akavuka sebule mpaka mlangoni, akageuka kutuangalia kama tumemwona. Doto alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama yote hayo. Aliendelea kukaa hapo, miezi ikapita, majirani wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimempeleka kwa mtu. Alitembea akiwa na miezi 15, akakimbia wiki hiyo hiyo.

Kilichonishangaza ni kwamba hawa walitoka tumbo moja, wakanyonya ziwa moja, wakala uji wa sufuria moja. Kama pacha wanaweza kupishana hivyo, basi kumlinganisha mtoto wako na wa nyumba ya pili hakukupi jibu lolote. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walianza kutembea bila kushikwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Kukaa bila kuegemezwa kulianza kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Wako hata wachache, kama wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisimama tu, wakaenda.

Kwa hiyo weka daftari dogo. Andika tarehe aliyokaa, aliyosimama, aliyotamka neno la kwanza. Mlinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe mwezi uliopita. Akifika miezi 18 hajatembea, au akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Daftari hilo litamsaidia sana nesi au daktari kuliko maelezo ya kukumbukakumbuka.

2. Mwili wa mtoto unafundishwa

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Misungwi kunisaidia, alichimba kishimo cha kina kifupi mchangani chini ya mwembe, akatandika kanga, akamkalisha Doto humo kiuno kikiwa kimeshikwa pande zote. "Mama Kulwa, mgongo unafundishwa," akaniambia. Baadaye akawa anamshika mikono na kumtembeza kila jioni kutoka mwembeni hadi kizingitini, huku akimwimbia. Mimi niliuchukua kuwa mchezo wa bibi na mjukuu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mtafiti Charles Super, aliyeishi na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1976. Aliwakuta akina mama wakifanya kama alivyofanya mama mkwe wangu, hadi kishimo chenyewe. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kwa takriban mwezi mmoja kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa na kujigeuza, ambako akina mama hawakuwafundisha, hawakuwatangulia. Kabla yake wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto wa Kiafrika anazaliwa tu na misuli ya haraka. Kumbe ilikuwa kazi ya mikono ya mama na bibi.

Mtoto anayeshinda amefungwa mgongoni au amelazwa kitandani mbele ya televisheni anakosa kazi hiyo. Mpe mkeka, mpe uwanja uliofagiwa, mpe mikono yako jioni. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

3. Muage, usimtoroke

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Kwa pacha nilipata zile 100, zikaisha, nikarudi kukata tiketi za mabasi pale stendi ya Nyegezi, alfajiri, kabla magari ya safari ndefu hayajaondoka. Kuagana kukawa sehemu ya maisha ya nyumba yetu.

Kwa Shija ndipo palikuwa pagumu. Alipokaribia mwaka mmoja na nusu alianza kunishika gauni. Binti aliyekuwa akinisaidia kulea, kwa nia njema, alikuwa akimpeleka uani kuona kuku ili nitoke bila kuonekana. Asubuhi zilikuwa tulivu, lakini jioni Shija hakutaka nimshushe hata niende msalani. Tukabadilisha. Nikawa nachuchumaa, namwambia naenda kazini na nitarudi tukale chakula cha jioni, namkabidhi kwa binti huyo, naondoka akinitazama. Alilia kwa nguvu, na binti akanieleza kwamba kilio kiliisha kabla sijafika barabarani. Baada ya muda mfupi jioni zetu nazo zikatulia.

Msingi wa elimu juu ya jambo hili ulitoka ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea nyumba za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu utafiti huo. Aliona jinsi mtoto anavyomwacha mama, anakwenda kuchunguza vilivyo karibu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anarudi. Anathubutu kwenda mbali kwa sababu ana mahali pa kurudi. Ukitoroka, unamfundisha kwamba mahali hapo panaweza kutoweka wakati wowote, naye ataacha kuchunguza ili akulinde usipotee.

Anayelia akiona mgeni au akiachwa hajadekezwa. Usimcheke, na usikubali wageni wamtishe kwamba watamchukua.

4. "Mwenyewe!" ni hatua ya ukuaji

Kipo kipindi ambapo mtoto anakataa kila kitu. Kulwa alikataa kuvishwa viatu, akakataa kulishwa, akakataa kushikwa mkono kwenye ngazi. Neno lake lilikuwa moja: "Mwenyewe!" Ukilazimisha, anajitupa chini. Wapo waliosema ana kiburi na anahitaji fimbo.

Mama mkwe alimpa kazi. "Kulwa, niletee kijiko. Kulwa, mpelekee babu kikombe hiki cha plastiki. Kulwa, tawanya mahindi kuku wale." Mtoto aliyekuwa akilia sakafuni aliondoka mbio kutimiza ujumbe, akarudi amenyoosha shingo. Nilijifunza hapo kwamba anachotaka ni kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Kutumwa kulimpa heshima hiyo, na kulimfundisha kusikiliza, kukumbuka na kumaliza jambo.

Panga asubuhi yako iwe na nafasi ya viatu vilivyogeuzwa kushoto kulia. Mpe uchaguzi wa vitu viwili, shati hili au lile. Hasira zikimpanda, kaa karibu, zungumza taratibu, ngoja zipite. Ana hisia kubwa kuliko maneno aliyonayo, na maneno yakiongezeka utaona vilio vinapungua.

5. Zungumza naye kabla hajaweza kukujibu

Doto, aliyechelewa kutembea, alitangulia kusema. Alikaa kwenye ule mkeka wake akisikiliza watu wazima mchana kutwa, na siku moja akaomba: "Taka maji." Sikusikia neno "nataka", alilikata kichwa. Akaendelea hivyo kwa miezi, "lala", "piga Kulwa", bila kiambishi cha mbele, kisha viambishi vikaanza kuingia kimoja kimoja, na hakuna aliyemfundisha sarufi.

Mtafiti Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi wanaokua na Kiswahili, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2005. Alikuta hali hiyo hiyo: mtoto huacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, halafu huvijaza kadiri anavyokua. Nilipojua hivyo niliona ubongo wa mtoto ulivyo hodari. Anapanga lugha yetu nzima kichwani mwake kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo lazima awe na kitu cha kusikiliza. Akisema "taka maji", mjibu kwa sentensi nzima: "Unataka maji? Haya, mama anakuletea maji." Usimcheke, wala usiigize kitoto chake mbele ya watu.

Watu waliniuliza kama Kisukuma cha bibi hakitawachanganya. Bibi aliwaamkia "Mwangaluka", sisi tukazungumza Kiswahili, na watoto walijua nani wanamsemesha nini kabla hawajafika miaka mitatu. Lugha ya bibi ni mali, usiifungie nje. Kinachomnyima mtoto maneno ni simu anayopewa ili anyamaze, maana simu haingoji ajibu. Mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na humo mnatajwa malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Mwitikio ndio huo: mtoto ameonyesha kidole, wewe umetaja jina la alichoonyesha.

Kama hashtuki kwa sauti, hageuki ukimwita, au amefika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, omba apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mtukutu bure.

6. Uji mtupu haujengi mtoto

Tunaishi kando ya ziwa lenye samaki, na soko la Mwaloni pale Kirumba linapeleka dagaa hadi nchi jirani. Hata hivyo utakuta nyumba ambayo mtoto anakunywa uji mweupe asubuhi, mchana na jioni, na dagaa ni chakula cha wakubwa. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 34. Tunapiga hatua, ila bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Jambo lililonifungua macho ni kwamba udumavu hauonekani kirahisi. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu na kucheka vizuri. Ni mfupi tu kwa umri wake, na watu husema amerithi babu yake. Siku moja kliniki nesi alimaliza kumpima Shija uzito, nikataka kumfunga mgongoni, akaniambia, "Mama Shija, bado urefu." Tangu siku hiyo sikuondoka bila kuuliza urefu. Dai upimwe, kwa sababu uzito peke yake hausemi yote. Uliza pia maana ya ule utepe wanaomfunga mkononi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, anahitaji matibabu ya lishe mara moja.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, hivyo ale milo mitatu hadi minne na vitafunwa katikati. Dagaa waoshe mchanga vizuri, wakaushe, watwange, unga wake uchanganye kwenye uji mzito au ugali laini, weka kijiko cha mafuta, mchicha au matembele, na kipande cha papai au embe. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinampa vitamini A. Ukitumia karanga au mahindi, chagua yasiyo na ukungu, kwa sababu ya sumukuvu. Mpe sahani yake peke yake, ukae naye, ujue amekula kiasi gani. Kwenye sinia la watu sita mwenye mkono mdogo hushindwa.

Ziwa la mama liendelee hadi miaka miwili au zaidi. Nililegea kwa uchovu wa pacha, mama mkwe akanishikilia, nami namshukuru.

7. Miguu ikianza kazi, nyumba ibadilike

Siku Kulwa alipotembea, vitu vyote vya nyumba yetu vilikuwa mahali pasipofaa. Jiko la mkaa lilikuwa uani chini, ndoo za maji zilikuwa wazi, mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa umri huo anaweza kuzama katika ndoo, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua, wala hapigi kelele. Funika ndoo kwa mfuniko unaobana. Jiko liwe juu au ndani ya uzio. Mafuta ya taa na dawa visikae kwenye chupa za vinywaji.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Ukishuka kuelekea Luchelele au Sweya utaona akina mama wakifua na watoto wakicheza maji ya pembeni. Humo kwenye majani wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi. Nilidhani kichocho ni cha wavuvi na wanafunzi, kisha nikaelezwa kwamba mtoto mchanga anaweza kukipata kwenye beseni, akiogeshwa kwa maji yaliyochotwa ziwani muda huo huo. Tumia maji ya bomba. Kama huna ila ya ziwa, yachemshe yapoe, au yaache kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kamili kabla ya kumwogesha. Na mtoto akiwa ufukweni, mtu mzima mmoja awe hana kazi nyingine ila kumwangalia.

8. Maneno ya watu yasikuzuie kwenda kliniki

Hili ndilo lililonisikitisha kuliko yote. Doto alipochelewa kutembea, neno lililozunguka mtaani ni kwamba amebemendwa, yaani mimi au baba yake tumevunja mwiko wa unyumba angali ananyonya. Neno hilo linamfanya mama amfiche mtoto. Nimemwona jirani akimfunika wake kwa kanga mchana ili asionekane miguu ilivyokonda, huku utapiamlo, malaria au upungufu wa damu ukiendelea kumla. Mtoto anayekonda au kulegea ana ugonjwa au njaa, na vyote viwili vina tiba.

Vivyo hivyo "meno ya plastiki". Fizi ya mtoto anayeota meno huvimba na kuwa nyeupe pale jino la chonge linapotaka kutoka. Wapo wanaodai ndiyo chanzo cha homa na kuhara, wanachokonoa kwa chuma. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi hata pepopunda, na jino la ukubwani linaharibika. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi kuna hatari hizo hizo. Degedege nayo ni ya hospitali, usiku huo huo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyezinduka, usimngojee asubuhi.

Wazee wetu wana hekima nyingi, nimeieleza hapo juu, na mama mkwe wangu ndiye aliyemwinua Doto. Yeye pia ndiye aliyenisindikiza kliniki na kuwajibu waliosema maneno. Chukua kwa wazee mikono yao, nyimbo zao na lugha yao. Kwa kisu na chuma, kataa kwa adabu, na usimame imara. Baba naye aende. Mume wangu alipoanza kumbeba Shija kwenda kupimwa, mazungumzo ya nyumbani kuhusu pesa ya mboga yalikuwa mepesi, kwa sababu alikuwa ameuona mstari wa ukuaji kwenye kadi kwa macho yake.

Sasa nakuomba jambo moja. Leo, kabla hujalala, itoe kadi ya kliniki ya mwanao. Angalia kama alipata chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, na kama alirudia ya miezi 18, maana hiyo ya pili ndiyo wengi huisahau mtoto akishaanza kukimbia. Angalia kama anapata matone ya vitamini A kila miezi sita na, tangu atimize mwaka, dawa ya minyoo. Palipo wazi, mpeleke kesho asubuhi.